Uzi wa Krismasi ya kanda ya kati: leteni mila za kwenu, hata zile zinazowashangaza wageni

Mwana Mpunguzi (mleta uzi)

Wanajamvi, mbukwenyi.

Naipenda Krismasi. Niliipenda kabla sijajua kusoma, nikaipenda nikiwa shuleni, na hadi leo nina familia yangu bado naipenda vilevile. Ikifika Oktoba, jua la Dodoma linapochoma hadi mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, mimi nishaanza kuhesabu Jumapili za Majilio. Nyumbani wamenizoea.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Kila Desemba simu zetu zinajaa picha za theluji na mzee mwenye ndevu nyeupe, utadhani Krismasi ni mali ya nchi za baridi na sisi huku tumeazima tu, tutairudisha Januari. Siliafiki hilo hata kidogo. Sikukuu hii kila ilikofika ilichukua udongo wa pale, chakula cha pale, mifugo na nyimbo za pale. Ya kwetu nayo imechukua vya kwetu, ila hatujaviandika mahali. Tuviandike hapa, wajukuu wavikute.

Naanza na vya kwetu Mpunguzi.

Krismasi ya Dodoma ni sikukuu ya mbegu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka mzima inazunguka milimita 500 na 600 hivi. Kwa hiyo tarehe 25 inawakuta watu wana udongo kwenye kucha. Uwele na mtama viko ardhini tayari, au ndiyo vinapandwa. Mvua ikishuka tarehe 23 baada ya kukatika, hakuna mwalimu wa kwaya atakayekuuliza kwa nini hukuonekana mazoezini, naye yuko shambani. Ndiyo maana kanisani kwetu, ibada ikikaribia kwisha, kila kaya inapeleka mbele kibakuli cha mbegu: mtama, karanga, kunde, alizeti. Mzee wa kanisa anaviombea vyote kwa pamoja. Mbegu ile haipikwi hata njaa iweje, inakwenda shambani. Nimesali Krismasi katika miji mingine, makanisa makubwa yenye vinanda vizuri, na kila mara jicho langu lilitafuta vibakuli.

Pango sasa. Kwetu pango la kuzaliwa Yesu linajengwa kwa mifuko ya saruji. Karatasi ya kaki inakunjwakunjwa, inalowanishwa kidogo, inapakwa majivu na rangi, na ikikauka unaapa kwamba vijana wameng'oa kipande cha Mlima Simba wakakileta kanisani. Mifuko inaanza kukusanywa kwa mafundi ujenzi tangu Novemba. Na igizo linachezwa na watoto ambao wiki nzima wametoka machungani kweli. Hakuna wa kuwafundisha namna ya kushika fimbo wala kujitanda shuka. Kuna mwaka mtoto aliyecheza mchungaji alikuja na mwanambuzi wake, amezaliwa juzi tu, akamlaza kando ya hori. Akina mama walipiga vigelegele hadi msomaji akashindwa kuendelea.

Wengi hawajui kwamba kuleta wanyama ndiko pango lilikoanzia. Mwaka 1223, Fransisko wa Asizi akiwa Greccio, Italia, aliomba ziletwe nyasi, hori, ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao Mtoto alizaliwa katika hali gani. Luka anataja hori tu. Ng'ombe na punda walitoka kwenye Isaya 1:3. Greccio ilibidi wanyama watafutwe na kuletwa. Kwetu punda anapita dirishani na madumu ya maji wakati Injili inasomwa. Mtoto wa Dodoma haelezwi hori ni nini, anakoamka asubuhi liko hatua chache kutoka mlangoni.

Na miti. Mjini, pale mikrismasi inapochanua nyekundu tupu kuanzia Novemba, nani anahitaji pamba ya dukani kufanya theluji? Mti wenyewe asili yake ni Madagaska, ulikuja kama wageni wengine wanavyokuja, lakini umechagua kuchanua wakati wa sikukuu na watu wakaupa jina. Watoto wa kwetu wanakata tawi la mvinje wanalisimika kwenye ndoo ya mchanga ndani, halafu wanalifunga maua ya mkrismasi. Yananyauka jioni, kesho wanachuma mengine. Huo ndio mti ninaoupenda kuliko wote.

Leteni vya kwenu.

---

Swali Tu

Mkuu, uzi mzuri. Umesema zinazowashangaza wageni. Za wenzetu zinazotushangaza sisi je? Nimeona mahali kwamba Wajapani wanakula kuku wa mgahawa siku hiyo, ni kweli?

---

Mwana Mpunguzi

Kweli kabisa. Japani Wakristo ni wachache sana, lakini tangu KFC walipoanza kampeni yao ya Krismasi mwaka 1974, kuku wa kukaanga amekuwa chakula cha siku hiyo, na watu wanaweka oda wiki kadhaa kabla. Wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki. Familia imekaa pamoja mezani katikati ya wiki ya kazi, maana kule tarehe 25 si siku ya mapumziko, na wamejipatia sababu ya kufanya hivyo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Oaxaca, Mexico. Tarehe 23 Desemba wanakuwa na usiku wa figili. Ndiyo, figili za kula. Zinalimwa maalumu, zinaachwa ardhini hadi ziwe kubwa ajabu, kisha mafundi wanazichonga ziwe Mariamu, Yosefu, malaika, wanamuziki, hata jengo zima la kanisa. Mashindano yapo tangu 1897. Figili ikishakatwa haikai, baada ya saa chache inaanza kunyauka na kubadilika rangi, kwa hiyo watu wanapanga foleni ndefu waone kabla haijaharibika. Nikiwaza maua yetu ya mkrismasi kwenye tawi la mvinje naona tunaelewana vizuri sana na watu wa Oaxaca.

Uswidi, katika mji wa Gävle, wanajenga mbuzi wa mabua makavu mwenye urefu wa karibu mita 13 na kumsimamisha uwanjani. Walianza 1966, na usiku wa kuamkia mwaka mpya huohuo mtu akamchoma moto. Tangu hapo amechomwa mara nyingi sana, pamoja na walinzi na kamera, na mji unajenga mwingine mwaka unaofuata. Mgogo yeyote aliyepoteza mifugo kwa ukame akaanza tena na majike wawili atawaelewa.

Caracas, Venezuela, watu huenda Misa za alfajiri kabla ya Krismasi wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu, na barabara hufungwa kwa magari ili wateleze salama. Poland, meza ya jioni ya tarehe 24 inatandikwa nyasi kavu chini ya kitambaa, chakula hakianzi hadi nyota ya kwanza ionekane, na sahani moja inaachwa bila mtu kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Hiyo ya sahani naomba tuichukue. Au pengine tunayo tayari, maana sijaona nyumba ya kwetu ambayo mpita njia amekuta watu wanakula siku ya sikukuu akaachwa apite.

Na Iceland kuna paka. Ni paka mkubwa wa hadithi, anazurura usiku wa Krismasi na kumla yeyote ambaye hakupata nguo mpya. Wanaye pia mashetani watundu 13 wanaoshuka milimani mmoja mmoja kila usiku kuanzia tarehe 12 Desemba, na mtoto anaacha kiatu dirishani: akiwa mwema anakuta zawadi, akiwa mtundu anakuta kiazi. Lakini paka ndiye aliyenigusa, kwa sababu ya fundi cherehani. Mnajua nazungumzia nini. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, pale Majengo mafundi hawalali. Baba kanunua jora moja la kitambaa, na familia nzima kuanzia mama hadi kitinda mimba inashonewa kitambaa kilekile. Tarehe 24 saa mbili usiku mtoto bado amekaa kwenye kizingiti cha fundi anasubiri vifungo. Hofu ya kulala bila nguo ya sikukuu iko Iceland, iko na Dodoma.

---

Bibi Mgogo

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu na ndiye anayeniandikia. Mbukwenyi nyote.

Nimefurahi huyu mwana wa Mpunguzi ametaja mbegu. Injili ilifika Ugogo zamani, wamisionari Waanglikana wa CMS walipita Mpwapwa miaka ya 1870, reli ikaja Dodoma 1910, na mimi nilizaliwa nikakuta Krismasi ipo. Ilikuwa na mambo yake. Usiku wa kuamkia tarehe 25 kwaya haikulala. Tulitoka kanisani na karabai moja, mbele anatangulia mwenye karabai, nyuma vibatari, tukapita nyumba kwa nyumba. Tunaimba mlangoni hadi mwenye nyumba awashe taa na kutoka. Akitoka anatoa alichonacho: karanga, yai, kikombe cha uji. Asiye na kitu anaingia kwenye msafara na kuimba na sisi nyumba inayofuata. Alfajiri msafara unakuwa kijiji kizima. Wengine tulisinzia ibadani, na mchungaji alijua na hakusema neno.

Mwaka 1971 ilipokuja Operesheni Dodoma tukahamishiwa kwenye vijiji, Krismasi ya mwaka ule tuliisali chini ya mbuyu, kanisa halijajengwa. Tuliimba vilevile. Halafu miaka ya mwanzoni mwa themanini, sukari haipo, sabuni haipo, kitambaa kinapatikana kwa foleni. Nguo ya sikukuu ilikuwa nguo ileile iliyofuliwa kwa majivu na kupigwa pasi ya mkaa. Watoto walivaa wakapita kwa majirani kudai mkono wa sikukuu kama kawaida, na walipewa. Bisi za mtama zilitosha.

Jambo moja nataka liandikwe. Zamani ngoma kwetu haikuingia kanisani. Zeze, marimba, muheme, vyote vilibaki nje, tuliambiwa ni vya giza. Siku hizi akina mama wanapiga muheme wakati wa sadaka, njuga miguuni, na sauti zinapangana kama Wagogo tunavyojua kuzipanga, huyu juu, huyu chini, yule katikati. Nimeishi hadi kuliona hilo Krismasi, kanisani, mbele ya madhabahu. Mjukuu asije akasoma kwamba muheme uliingia kanisani wenyewe. Waliupigania akina mama.

---

Mwana Mpunguzi

Bibi, asante sana. Shikamoo. Mwambie mjukuu akae karibu nawe na daftari, hayo ya karabai hayajaandikwa popote.

Kwa wasiofahamu, huo mpangilio wa sauti anaousema bibi ndio uliompeleka marehemu Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya Ulaya na zeze na marimba yake. Na Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo ambapo vikundi vya vijijini vinakutana. Muheme wa akina mama usikieni ana kwa ana, simu haiutoi ule mtetemo.

---

Jirani wa Kondoa

Mimi ni Mrangi, ni Muislamu, na nina la kuchangia kwenye uzi wa Krismasi.

Nina jirani Mlutheri mtaa mmoja tangu tukiwa vijana. Krismasi asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, natoka na kisu changu. Nachinja mbuzi wake. Kisha kwa jirani wa pili, kuku. Kisha kwa mwalimu, mbuzi tena. Wao wanaenda ibadani, mimi na vijana wao tunachuna. Hakuna sheria iliyowalazimisha waniite. Wananiita ili nyama ikishaiva nyumba yangu nayo iweze kula, na mama mkwe wangu, na yeyote atakayepita. Mtaa wetu mtu anayechinja mwenyewe Krismasi anaulizwa kama amegombana na nani.

Saa saba sahani zinaanza kutembea. Pilau, nyama, chapati, zimefunikwa na kawa. Sahani hairudi tupu. Mke wangu anarudisha na visheti au tende. Idi ikifika mzunguko unageuka. Watoto wangu wanavaa vizuri siku hiyo, wanapita kudai mkono wa sikukuu kama wenzao, na wa kwao wanafanya hivyohivyo Idi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtoto duniani ana sikukuu tatu kubwa kwa mwaka.

Kwa hiyo mleta uzi ukiandika mila za kanda ya kati, usisahau kisu cha jirani.

---

Mpenda Maandiko

Nawaheshimu nyote ila niulize. Biblia haisemi popote kwamba Yesu alizaliwa 25 Desemba, wala haiagizi tuisherehekee. Hayo ya mapango, kuku na figili yameongezwa na watu. Kwa nini tupoteze muda kuyatunza?

---

Mwana Mpunguzi

Ndugu, swali lako ni la haki, na si wewe wa kwanza kuliuliza. Bunge la Uingereza chini ya Wapuriti liliifuta Krismasi mwaka 1647. Kule Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681, aliyekutwa akisherehekea alitozwa faini ya shilingi 5. Walikuwa Wakristo wanaosoma Biblia kila siku, na hoja yao ilikuwa hiyo yako.

Tarehe kweli haimo. Kumbukumbu ya zamani tuliyonayo ya tarehe 25 Desemba inatoka Roma, katika kalenda ya mwaka 354 iliyobeba taarifa za hadi mwaka 336. Wapo wanaosema ilichaguliwa kwa kuwa Warumi walikuwa na sikukuu ya jua majira hayo. Wapo wanaosema Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba tarehe 25 Machi, ukihesabu miezi tisa unaangukia 25 Desemba. Ndugu zetu wa Ethiopia wanasherehekea 7 Januari kwa kufuata kalenda yao, na wana mchezo wa magongo uitwao genna unaochezwa siku hiyo. Hawajapungukiwa.

Umeuliza kwa nini kutunza. Mtoto wa miaka minne hawezi kusomewa kalenda ya Roma. Anaweza kubeba kibakuli cha mtama hadi madhabahuni. Anaweza kumwona jirani Muislamu akija na kisu ili nyumba zote zile. Hayo ndiyo yaliyonifundisha mimi kwamba Mungu alikuja kukaa na watu wenye mifugo na vumbi, na nilipoanza kusoma Luka mwenyewe nilikuta wachungaji waliokesha makondeni nikawatambua, maana ni wajomba zangu. Ukinitolea hayo yote ukaniachia aya peke yake, nitaiamini bado, lakini watoto wangu sijui ningewashika mkono kwa kitu gani. Hilo nalisema kwa heshima, si kwa kubishana.

---

Mtumishi Area D

Mimi ni Mchaga, nilihamia Dodoma na wizara serikali ilipohamia. Kwetu Desemba ni kwenda Moshi, kuhesabiwa. Usipoonekana nyumbani Krismasi ukoo unauliza kama u mzima. Nauli inapanda, mabasi yanajaa, na bado mnaenda, kwa sababu mezani kwa babu kuna machalari na mbege, na kila mtoto aliyezaliwa mwaka ule anatambulishwa.

Miaka michache ya mwanzo Dodoma ilikuwa inakauka ghafla mwishoni mwa Desemba. Ofisi zimefungwa, nyumba za watumishi giza, walinzi peke yao. Mwaka nilioshindwa kusafiri kwa sababu ya uuguzi, tuliobaki mtaani tukakubaliana kuweka meza moja uani kwangu, kila nyumba ilete cha kwao. Mhaya alileta senene, maana ni msimu wake. Mama wa Tanga alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Msukuma alileta michembe. Mimi mtori. Na mama mwenye nyumba ya pili, Mgogo mwenyeji, alileta ugali wa uwele na mlenda, akauweka katikati ya meza bila kusema kitu, na ndio ulioisha wa kwanza.

Meza ile imekuwa kila mwaka, hata kwa wanaosafiri, tunaifanya tarehe 26 au kabla hawajaondoka. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ndugu wa Dar wanakuja huku badala ya sisi kwenda kule. Watoto waliozaliwa hapa wanasema "Krismasi ya kwetu" wakimaanisha Dodoma. Mzee wangu wa Moshi hajalipenda sana hilo, lakini mwaka jana alikuja mwenyewe.

---

Alizeti na Kuku

Singida tupo. Mnasifia mbuzi wenu, nami niweke rekodi ya kuku.

Desemba ukisimama stendi ya Singida utaona matenga ya kuku wa kienyeji yanapandishwa juu ya mabasi ya Dar na Arusha. Huyo ndiye kuku wa Krismasi wa watu wengi wasiojua katokea wapi. Nyumbani kwetu jogoo wa sikukuu anachaguliwa tangu Juni. Anapewa jina na mtoto mkubwa, anafungiwa wiki mbili za mwisho, anakula mtama na mashudu ya alizeti.

Kumpika: usimkaange moja kwa moja, kuku wa kienyeji atakushinda meno. Anachemshwa kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu, moto wa kuni wa polepole, saa moja na nusu au zaidi kama ni jogoo mzee. Supu inapunguzwa na kuwekwa pembeni, hiyo ni ya wazee asubuhi. Ndipo nyama inapitishwa kwenye mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapohapo, yale yenye rangi nzito na harufu yake. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni akiwepo. Watoto wanagombania miguu. Ukinipa kuku huyu na ugali wa mtama, pilau nakuachia wewe na jirani wa Kondoa.

---

Mgeni Nkuhungu

Nimehamia Dodoma mwaka huu, sina ndugu hapa, na Krismasi hii nitakuwa peke yangu na mwanangu wa miaka sita. Nimesoma uzi wote. Dada zangu na kaka zangu, niende wapi?

---

Mwana Mpunguzi

Karibu sana, dada. Mkesha wa tarehe 24 chagua kulingana na imani yako: kwa Wakatoliki kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Waanglikana wana Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, na Walutheri wako karibu na hapo. Wahi. Nyimbo zinaanza kabla ya ibada, na aliyechelewa anasimama nje hadi mwisho. Mtoto mbebee sweta, mvua ikishanyesha usiku wa Dodoma una upepo.

Asubuhi mpitishe Nyerere Square, watoto wa mji mzima wako pale na nguo mpya wanapigwa picha. Kama unataka mbuzi wa kuchoma, nunua nyama mapema wiki hiyo, au nenda mnada wa Msalato Jumamosi ya kabla. Mchele wa pilau tafuta wa Bahi.

Ila mchana usile peke yako. Mtumishi Area D, naona bado upo mtandaoni: meza yenu ina nafasi?

---

Mtumishi Area D

Ipo. Dada wa Nkuhungu, nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze. Saa saba mchana tarehe 25. Lete chakula cha kwenu, chochote kile, na mtoto aje na nguo asizoogopa kuchafua, maana wenzake watamtoa nje kuzunguka kudai mkono wa sikukuu.

---

Mgeni Nkuhungu

Asanteni. Kwetu ni Songea. Nitaleta kande.